Ruzuku Isiyo na Masharti na Deni la Msanii: Mjadala kutoka Nchi ya Chai

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza kazi ya sanaa inasema nini, inasema kwa mbinu gani na inamsemea nani. Ni nadra kwa uhakiki huo kuuliza mtunzi alikuwa akila nini wakati akitunga. Swali hilo huachiwa wachumi, au huchukuliwa kuwa ni la kumvunjia mtunzi heshima. Hata hivyo, hakuna utungo usio na gharama. Shaaban Robert alitunga sehemu kubwa ya kazi zake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Muyaka bin Haji alitunga karibu na watawala wa Kimazrui wa Mombasa, na wanamuziki wa kasri la Unguja walikula kwa Sultani. Kila mmoja wao alikuwa na mtu au chombo kilichomlisha, na kila chombo kilikuwa na matarajio yake, yawe yametamkwa au yamenyamaziwa.

Makala hii inajadili namna moja ya kumlisha msanii ambayo katika miongo ya karibuni imesifiwa kuwa ndiyo safi kuliko zote. Namna hiyo ni ruzuku isiyo na masharti: fedha ambazo mtu binafsi au asasi ya hisani humpa msanii anayeendelea na kazi yake, bila kumtaka aeleze mradi atakaoutekeleza, aandike bajeti, au atoe hesabu ya matumizi. Swali linaloulizwa ni la kimaadili. Je, yawezekana kupokea namna hiyo bila kuwa na deni? Na kama deni lipo, ni la nani, na hulipwa kwa nani?

Mjadala huu umewekwa katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, na hasa katika vituo vidogo kama Kiptere, eneo la Sigowet, magharibi ya mji wa Kericho. Sababu ni mbili. Kwanza, nchi hiyo imetoa mojawapo ya nyimbo za Afrika Mashariki zilizosafiri mbali kuliko nyingi, na safari hiyo ililipiwa na hisani ya watu wa mbali. Pili, ni nchi ambayo utajiri wake mkubwa umo machoni pa kila mpita njia, na kwa hiyo swali la fedha ya hisani imetoka wapi haliwezi kukwepwa. Hoja itakayojengwa ni kwamba ruzuku isiyo na masharti haimwondolei msanii deni, bali hulielekeza kwingine. Na kwamba masharti yanayoondolewa kwa msanii hayana budi kuhamia upande wa mfadhili.

Kibarua, bonasi na miezi ya kupogoa

Kabla ya kulijibu swali hilo inafaa kutenganisha aina tatu za malipo ambazo mara nyingi huchanganywa chini ya neno moja la ufadhili. Uchumi wa chai unatoa mfano ulio wazi.

Mchumaji wa shamba la kampuni huambiwa aingie sehemu gani ya shamba na achume majani ya aina gani, naye hulipwa kwa kilo. Msanii anayepewa fedha za mradi yumo katika hali hiyo. Ataandika tamthilia juu ya ugonjwa fulani, au wimbo wa kuhimiza upandaji miti, kwa kuwa ndivyo fomu ilivyosema. Hakuna ubaya katika kibarua, mradi kiitwe kibarua. Ubaya huingia pale kinapoitwa hisani.

Mkulima mdogo wa chai yuko katika hali ya pili. Hupeleka majani yake kituoni, hulipwa kiasi kila mwezi, kisha baada ya hesabu za mwaka hupata malipo ya pili ambayo wenyeji huyaita bonasi. Hakuna amwulizaye atayatumiaje. Lakini bonasi ni malipo ya majani yaliyokwisha kupimwa. Tuzo ya fasihi inafanana nayo. Mwandishi aliyeshinda hutumia fedha apendavyo, ila amezipata kwa mswada alioukamilisha kwa gharama zake mwenyewe. Aliyeshindwa kuukamilisha kwa sababu ya njaa hayumo katika mashindano.

Hali ya tatu huonekana michai inapopogolewa. Kila baada ya miaka kadhaa mchai hukatwa hadi karibu na shina ili uchipue upya, na kwa miezi kadhaa kipande hicho hakitoi jani lolote. Mtu asiyejua kilimo akipita hudhani shamba limeharibiwa. Mkulima anajua kwamba asipopogoa mavuno yatafifia, lakini anajua pia kwamba watoto hawapogolewi matumbo. Sanaa nayo ina miezi yake ya kupogoa: ya kusoma, ya kusikiliza wazee, ya kuandika sura kumi na kuzitupa nane. Ruzuku isiyo na masharti ni chakula cha miezi hiyo. Haimlipi msanii kwa alichokifanya, wala haimwajiri kwa atakachokifanya.

Hapa pana tofauti moja ambayo mfano wa chai haupaswi kuificha. Mkulima anayepogoa ana hakika kwamba mchai utachipua. Mfadhili wa sanaa hana hakika hiyo. Anayetoa ruzuku isiyo na masharti anakubali tangu mwanzo kwamba huenda kisizaliwe kitu, na kukubali huko ndiko kunakoitofautisha na biashara. Hoja ya kwamba msanii aliyepewa fedha za bure atazila tu ina ukweli ndani yake, wapo watakaozila. Lakini hoja hiyo haitolewi dhidi ya mfanyabiashara anayekopeshwa, ingawa naye hufilisika. Yaelekea inatolewa dhidi ya msanii kwa kuwa jamii bado haijaamini kwamba kazi yake ni kazi.

Hiba na wakfu

Mwanaanthropolojia wa Kifaransa Marcel Mauss, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alidai kwamba katika jamii nyingi kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu tatu zisizotengana. Kwa mtazamo huo, zawadi isiyodai kitu haipo. Mswahili hakuhitaji kusubiri insha hiyo. Wasemao kwamba mkono mtupu haulambwi wanajua kwamba fadhila hutarajia fadhila, na wasemao kwamba asante ya punda ni mateke wanamlaumu asiyerudisha. Kwa upande mwingine, lugha hiyohiyo inasema kwamba kutoa ni moyo na wala si utajiri. Methali hizo hazipingani. Za kwanza zinaeleza yanayotokea baina ya watu. Ya mwisho inaeleza nia inayomstahili mtoaji.

Sheria ya Kiislamu, ambayo imeathiri msamiati wa Kiswahili wa kutoa, inatoa tofauti iliyo na manufaa zaidi katika mjadala huu. Hiba hukamilika kwa kukabidhiwa. Baada ya hapo mali ni ya aliyepewa, naye huitumia atakavyo. Wakfu ni kinyume chake. Mali huzuiliwa isiuzwe wala kurithiwa, na manufaa yake huelekezwa kule alikokutaja aliyeiweka, ambaye masharti yake huheshimiwa hata baada ya kufa kwake. Inashangaza basi kwamba Kiswahili cha leo huziita asasi za hisani za Kimagharibi kwa jina la wakfu. Labda jina hilo linasema kweli kuliko lilivyokusudia. Asasi inapotoa ruzuku isiyo na masharti, chombo kilichoundwa kwa masharti ya mwenye mali kinajaribu kutoa hiba. Mvutano uliomo katika ruzuku hizo umo tayari katika maneno yenyewe.

Kapkatet, 1950

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka Afrika Kusini, alifika Kapkatet, kusini ya Kericho, akawarekodi waimbaji wa Kikipsigis. Miongoni mwa nyimbo alizozichukua ni zile zilizojulikana kwa jina la Chemirocha, ambazo mojawapo iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya kwa kinubi. Jina hilo ni jinsi Wakipsigis walivyolitamka jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika katika nchi hiyo. Wasichana hao walimgeuza kuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, wakamwalika acheze. Walichokifanya ni kazi kamili ya fasihi: walipokea sauti ya mgeni, wakaipa umbo la visa vyao, wakaifanyia dhihaka na mapenzi kwa wakati mmoja.

Kazi ya Tracey ilihitaji fedha, na fedha zilipatikana. Tangu mwaka 1947 utafiti wake ulitegemezwa na kampuni ya sahani ya Gallo ya Afrika Kusini. Maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 ilipata msaada wa Wakfu wa Nuffield wa Uingereza, uliotokana na utajiri wa mtengenezaji wa magari. Mhakiki wa haki hawezi kuubeza msaada huo. Bila huo, wimbo wa Kapkatet ungekufa pamoja na vinywa vilivyouimba. Kuanzia mwaka 2014 maktaba hiyo, kwa kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilianza kurudisha nakala za rekodi hizo nchini Kenya, na wazee waliokuwa vijana mwaka 1950 waliweza kujisikia tena.

Lakini ni lazima kutazama fedha zilikoishia. Zilimlipia msafiri gari, mitambo na muda wa kusikiliza. Yeye ndiye aliyepewa miezi ya kupogoa. Waimbaji walihesabiwa kuwa ni chemchemi, na chemchemi hailipwi ili itoe maji. Hakuna aliyedhani kwamba Chemutoi Ketienya angeweza, kwa mwaka mmoja wa utulivu, kutunga nyimbo nyingine kumi. Kosa hilo halikuwa la tamaa. Lilikuwa la kuona. Hisani ilimtambua mhifadhi kuwa ana kazi inayoendelea, na ikamtambua mtunzi kuwa ana mila tu. Mtu aliyesemwa kuwa ana mila hatafutiwi ruzuku, kwa kuwa inaaminika kwamba mila hujitunga yenyewe.

Kampala, 1962

Kisa cha pili ni cha fedha zilizotolewa bila masharti ya wazi. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mkutano huo, pamoja na jarida la Transition lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, na kituo cha sanaa cha Chemchemi kilichoongozwa na Es'kia Mphahlele jijini Nairobi, vilifadhiliwa na shirika la Congress for Cultural Freedom. Hakuna mwandishi aliyeamriwa aandike nini. Kisha, katika miaka ya 1966 na 1967, ilifichuliwa kwamba shirika hilo lilikuwa likipokea fedha kutoka idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, kupitia wakfu kama ule wa Farfield.

Inasemwa mara nyingi kwamba ufichuzi huo ulithibitisha kuwa waandishi walikuwa wametumiwa. Ushahidi hauruhusu hukumu nyepesi hivyo. Transition lilichapisha mabishano makali ya kila upande, na mwaka 1968 Neogy alifungwa na serikali ya Obote kwa yale aliyoyachapisha. Uhuru wake ulikuwa wa kweli, na aliulipia. Hata hivyo, jambo moja liliharibika. Mpokeaji alinyimwa nafasi ya kujua anapokea kutoka kwa nani, na kwa hiyo alinyimwa nafasi ya kukataa. Sharti lililofichwa halikumfunga mkono, lilimfunga macho.

Liko jambo jingine. Mkutano wa Makerere uliwaita waandishi wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo wa Juni 1962, hakuwa na kiti humo, kama Ngũgĩ wa Thiong'o alivyokuja kuonyesha katika Decolonising the Mind (1986). Yaani hata pale ambapo mfadhili hamwambii msanii aandike nini, tayari amekwisha kuamua msanii ni nani. Sharti kubwa kuliko yote halimo katika mkataba wa ruzuku. Limo katika orodha ya walioalikwa.

Ruzuku za karne hii

Mifano ya karibuni inaonyesha jitihada za kuyarekebisha makosa hayo, na pia mipaka ya jitihada hizo. Tuzo ya Windham-Campbell ya Chuo Kikuu cha Yale, iliyoanza kutolewa mwaka 2013, humpa mwandishi fedha za kutumia apendavyo bila yeye kuomba. Mwaka 2018 Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda alipata dola 165,000 kwa njia hiyo. Fedha hizo zilitoka katika mirathi ya mwandishi, Donald Windham. Mtunzi alimwachia mtunzi. Lakini Makumbi alikuwa ameshatoa Kintu mwaka 2014 kupitia Kwani Trust ya Nairobi. Ruzuku ilimkuta aking'ara, haikumkuta gizani.

Wakfu wa Miles Morland, ulioanza kutoa ufadhili wake kwa waandishi wa Kiafrika mwaka 2013, ulikaribia gizani zaidi. Ulimpa mwandishi wa riwaya pauni 18,000 ili aandike kwa mwaka mmoja, ukamtaka awasilishe maneno 10,000 kila mwezi, na ukatarajia kwamba akichapishwa atarudisha asilimia 20 ya mapato kama deni la heshima lisilodaiwa mahakamani. Mauss angetabasamu hapo. Deni lilitajwa waziwazi, nalo likaelekezwa kwa mwandishi atakayefuata. Kasoro ilikuwa ileile ya Makerere: lugha iliyotakiwa ilikuwa Kiingereza.

Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi kwa fedha za kampuni ya mabati ya kuezekea, ilikuja kuliziba pengo hilo la lugha. Washindi wa mwaka 2015, wakiwemo Anna Samwel Manyanza na Mohammed Ghassani, walionyesha kwamba miswada ya Kiswahili haikukosekana, ila ilikosa wa kuitazama. Hata hivyo, tuzo hiyo ni bonasi kwa maana iliyoelezwa hapo juu. Mwandishi wa Kiswahili sasa anaweza kulipwa majani yaliyopimwa. Wa kumlisha miezi ya kupogoa bado ni adimu. Na wa kumlisha mtunzi wa Kikipsigis ni adimu zaidi.

Fedha ya chai

Na achukuliwe mfano wa kubuni wa mtunzi mmoja wa Kiptere, anayeimba kwa Kikipsigis na kuandika kwa Kiswahili, ambaye asasi iliyotajirika kwa chai inampa fedha za mwaka mzima bila sharti. Je, azipokee?

Nchi yake ina kumbukumbu nzito. Kampuni kubwa za chai zilianza kupanda Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai walikuwa wakiishi. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kuhusu Uingereza kutoshughulikia madai ya watu hao. Mwaka 2023 uchunguzi wa BBC ulifichua wanawake waliodhulumiwa kijinsia na wasimamizi wa mashamba. Mtunzi huyo hawezi kujifanya hajui.

Jibu la kwanza ni kukataa. Lina heshima yake, lakini linamwachia mwenye shamba fedha na linamwachia mtunzi njaa. Na mwenye njaa mara nyingi huishia kupokea kibarua chenye masharti mabaya zaidi. Jibu la pili ni kupokea na kunyamaza, ambalo ndilo punda asiyepiga teke. Jibu la tatu, ambalo makala hii inalitetea, ni kupokea kwa masharti yanayomhusu mtoaji: asili ya fedha itajwe hadharani, na umiliki wake uhamie kabisa kwa mpokeaji kama hiba inavyotaka. Yakitimia hayo, mtunzi ana haki ya kuutunga hata wimbo unaomshtaki aliyempa, na kwa kufanya hivyo hatakuwa mkosefu wa shukrani. Ikiwa fedha hiyo ilitoka katika ardhi ya babu zake na migongo ya shangazi zake, basi kilichokuja kwa jina la zawadi ni, kwa sehemu, kitu kinachorudi kwao. Deni lake liko kwa hao. Hulilipa kwa kusema kweli vizuri.

Kuna watakaosema kwamba njia bora ni jamii kuilisha sanaa yake yenyewe. Kamĩrĩĩthũ ni ushahidi kwamba yawezekana: mwaka 1977 wanakijiji walijenga jukwaa kwa mikono na michango yao, wakaigiza kwa Kigikuyu. Lakini mchango wa jamii nao una masharti yake, kwani jamii haipendi kuchekwa, na jukwaa hilo serikali ililibomoa mwaka 1982. Hakuna mlishaji mmoja anayetosha. Usalama wa msanii uko katika kuwa na walishaji wengi, hata asiwepo mmoja anayeweza kumnyamazisha kwa kufunga mkono.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ruzuku isiyo na masharti hutofautiana na kibarua na bonasi kwa kuwa hulisha kipindi ambacho kazi haionekani. Imeonyesha pia kwamba kutokuwepo kwa masharti katika mkataba hakutoshi. Kapkatet ilifundisha kwamba mfadhili anaweza kuipenda sanaa asimwone msanii. Kampala ilifundisha kwamba fedha huru yenye asili iliyofichwa humnyang'anya mpokeaji haki ya kuchagua. Ruzuku za karne hii zimefundisha kwamba lugha na umaarufu ni masharti hata yasipoandikwa.

Kwa hiyo masharti matatu yanamwelekea mfadhili: aseme mali yake imetoka wapi, akabidhi kama akabidhiye hiba, na aende kutafuta wasanii katika lugha wanazotungia na mahali wanapoishi. Uhakiki nao una sehemu yake. Ni wahakiki wanaoandika orodha ambazo wafadhili huzisoma, na ni wao wanaoamua nani aitwe mtunzi na nani aitwe mtoa mila. Mradi uhakiki unaendelea kufundisha wimbo wa Kapkatet bila jina la aliyeutunga, hautakuwa na haki ya kumlaumu tajiri kwamba hakumwona.